Hoteli ya Pwani na Sifa Zake

Katika nyumba nyingi za Old Moshi, toka Kidia hata Kiboriloni, mgeni akiketi sebuleni huiona kalenda ukutani, na juu ya kalenda pana picha ya bahari. Maji ni ya samawati, mchanga ni mweupe kama unga, na minazi imeinama. Mbele ya picha wamesimama baba na mama na watoto wawili, nao wanacheka. Chini yake pameandikwa jina la hoteli, pamoja na maneno ya kwamba hapo ndipo mahali pa jamaa yote. Sisi nasi tulikuwa na kalenda ya namna hiyo kwa mwaka mzima, na watoto wetu wakaizoea kama mtu azoeavyo sura ya ndugu.

Walimu wenzetu wametuuliza mara nyingi, kwa kuwa wajua tulikwenda: Je, sifa zile ni za kweli? Mtu aliyejinyima auze shamba ili awapeleke watoto? Twajibu leo kwa urefu, maana jibu la ndiyo au la lingewadanganya.

Tulikwenda wakati wa Pasaka ya mwaka 2023, sisi wawili, watoto watatu, na mama yetu mzee. Sababu ya kwenda ilikuwa mama. Baba yake alikata mkonge Tanga zamani, akarudi mlimani na habari za bahari, akawasimulia watoto wake mpaka wakachoka. Mama amefika uzee wake pasipo kuiona, na sasa macho yake yameanza kufunikwa na mtoto wa jicho. Alisema neno moja tu, kwamba apenda kutia miguu baharini angali anaweza kuiona miguu yake. Basi tukaweka akiba fedha za kahawa za misimu miwili, tukaongeza za mshahara. Mwezi wa nne ni masika, wageni wa mbali ni wachache, na hoteli nyingi za Unguja hupunguza bei kwa wenyeji wa nchi. Bila ya masika tusingalithubutu.

Njia yajulikana, hatutakawia juu yake. Kutoka Moshi hata Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500 kwa basi, kupitia Same, Korogwe na Chalinze. Kisha meli ya kwenda kwa kasi yavuka hata Unguja kwa muda wa saa mbili hivi. Mama alilala katika basi, na katika meli alifumba macho, akasema hiyo si bahari bado, ni barabara. Toka bandarini tukapanda gari kwenda upande wa mashariki wa kisiwa, Kiwengwa, mwendo wa saa moja. Tulifika usiku, siku ya Alhamisi Kuu. Mwezi ulikuwa mpevu, bahari ikivuma karibu na ukuta wa hoteli, na watoto wakakataa kulala.

Asubuhi ya Ijumaa Kuu walitoka mbio. Hata walipofika mchangani wakasimama. Mtoto mdogo akarudi chumbani akilia, akasema, “Bahari imeondoka.”

Tukatoka kuangalia. Naam, ilikuwa imeondoka. Kadiri saa zilivyokwenda ilizidi kuondoka, na yapata saa tano palikuwa na uwanda mkubwa wa mchanga na mawe na majani, na mbali sana mstari mweupe wa mawimbi yaliyovunjika juu ya mwamba. Wanawake walikuwa wakitembea huko na magunia vichwani, wadogo kama sisimizi. Tulitazamana, tukakumbuka ile kalenda. Mpiga picha alikuja jioni, basi!

Sasa, sisi watu wa mlimani hatuna lawama kwa kutojua jambo hili, walakini twaona ni aibu kidogo kwa walimu. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa mchana na usiku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiwa mpevu, na tena ukiandama, nguvu ya mwezi na nguvu ya jua huvuta pamoja, na maji hupanda sana na kushuka sana. Watu wa pwani huita siku hizo bamvua. Huko Unguja tofauti ya maji ya juu na ya chini wakati wa bamvua hukaribia mita 4. Na kwa kuwa upande wa mashariki sakafu ya bahari ndani ya mwamba ni tambarare, maji yakishuka hivyo huacha wazi nchi pana. Katika siku za bamvua maji hupwa kati ya saa nne na saa tano na nusu asubuhi, hujaa alasiri au jioni. Siku saba au nane baadaye, mwezi ukiwa nusu, maji huitwa mafu. Hayapandi sana wala hayashuki sana, nayo huwa yamejaa katika saa zile zile za asubuhi ambazo sisi tuliona mawe matupu.

Na hapa lipo jambo lililotuchekesha wenyewe tulipolifahamu. Pasaka huwekwa Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaofika tarehe 21 Machi au baada yake. Mwaka ule mwezi ulikuwa mpevu tarehe 6 Aprili, na Pasaka ilikuwa tarehe 9. Kwa hiyo Mkristo atakaye kuogelea asubuhi katika likizo ya Pasaka, mwezi ukiwa umepevuka siku mbili tatu tu kabla yake, ajue tangu nyumbani kwamba amechagua siku za bamvua. Tumeyasoma maneno ya mwezi wa Pasaka miaka yote, tumeyafundisha, wala hatukuwaza kwamba yana habari za maji.

Turudi hotelini. Haki isemwe kwanza. Vitanda vilikuwa safi, vyandarua vizima, chakula kingi mno, samaki wa namna ambazo hatuna majina yake. Watumishi walikuwa na adabu njema sana, na ikumbukwe kwamba ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Wengi wao walituandalia sahani mchana kutwa nao wamefunga. Tuliwakataza watoto wasitoke na mikate mikononi kwenda njia ya kijijini. Bwawa la kuogelea lilikuwa zuri, na kwa watoto lilitosha. Bali nyumba ya michezo ya watoto, iliyosifiwa sana katika kitabu chao, ilikuwa imefungwa kwa sababu ya uchache wa wageni, na mwalimu wa kuogelea hakuwapo. Hatukuambiwa hayo tulipolipa. Na mama yetu alihesabiwa mtu mzima wa tatu katika chumba kwa bei kamili, ingawa hula kidogo kuliko kuku. Hayo ni madogo. Kubwa lilikuwa la Jumamosi.

Jumamosi asubuhi mwana wetu wa kwanza, mwenye miaka 12, aliona wale wanawake wakienda mbali, akawafuata. Hakutuaga. Sisi tulidhani yumo bwawani pamoja na wenzake. Wanawake wale ni wakulima wa mwani. Kilimo hicho kilianza Unguja kwa biashara katika mwaka 1989, upande wa Paje na Jambiani, kikaenea. Nao hupigilia vigingi mchangani, hufunga kamba, na juu ya kamba hufunga vipande vya mwani, huvivuna baada ya majuma machache. Kazi yao hufuata bamvua kwa kuwa siku hizo shamba hukauka. Mtoto alipendezwa, akaendelea mbele yao kutafuta makombe karibu na mwamba, mahali penye viumbe vyeusi vyenye miiba kama nungunungu.

Maji yaliporudi hayakurudi kwa kumtazama usoni. Mtu hudhani bahari itakuja kutoka mwambani kwa mstari, kama maji ya mfongo tukifungua mlango wa shamba. Sivyo. Nchi ile ina mabonde yasiyoonekana kwa macho, na maji huingia mabondeni kwanza, hata yale ya nyuma karibu na ufuo, mtu akiwa bado amesimama pakavu. Tulipomkosa bwawani tukatoka, na yapata saa saba kasoro tukamwona mbali, mtu mdogo juu ya kisiwa cha mchanga, na kati yake nasi maji yanang'aa. Mmoja wetu hajui kuogelea kabisa. Mwingine alijifunza mtoni, akavua viatu, akaingia, akakanyaga miiba, akasonga. Mama alikuwa ameketi kivulini. Aliuliza, “Mnatazama nini?” Hakuna aliyemjibu.

Mwanamke mmoja katika wale wa mwani alikuwa amekwisha kumwona. Aligeuka akamfuata, akamshika mkono, akamtwika gunia lake lililolowa, akamwongoza kwa kuzunguka kando ambako yeye ajua pana mchanga wa juu. Njia ilikuwa ndefu kuliko tuliyokuwa tukiitamani, na mahali pamoja maji yalimfikia mtoto kifuani. Walipotoka, mama yule alimtua gunia, akasema, “Mwanenu ana nguvu, lakini hajui saa. Maji hayamngoji mtu.” Kwa haraka na kutetemeka tulimpa chupa ya maji anywe. Akacheka. “Nimefunga, mwalimu.” Tuliona haya mpaka leo.

Aliketi kidogo nasi. Alitueleza kwamba mwani ule mnene wenye bei nzuri hufa siku hizi kwa kuwa maji yamekuwa ya moto, umebaki ule mwembamba ambao bei yake ni ndogo. Na kwamba unakwenda ng'ambo kutengenezwa vitu vingi, hata dawa ya meno. Binti yetu akasema, “Basi tumekuwa tukiusugua kila asubuhi.” Yule mama akamwambia amesema kweli.

Tulikwenda kwa msimamizi wa hoteli tukauliza kwa nini hakuna tangazo la saa za maji mahali wanapopita watu wenye watoto. Alijibu kwa upole kwamba karatasi ipo. Ilikuwapo kweli, kwa Kiingereza, katika kibanda cha wapiga mbizi, upande mwingine kabisa. Tena akasema, “Bahari si mali ya hoteli.” Neno hilo ni la haki, nasi tumelitafakari sana. Walakini picha ya bahari ndiyo waliyotuuzia. Mtu akiuza picha ya maji yaliyojaa, kwa jamaa wenye watoto, naye ajua kwamba asubuhi maji hayapo na adhuhuri hurudi kwa hila, amepokea fedha za nusu ya habari. Hatusemi hoteli ile ni mbaya. Twasema sifa zake ni za kweli kuanzia ukutani kurudi ndani, na ya kuwa waliokwenda kwa ajili ya bahari watamhitaji mwalimu mwingine.

Kwa hiyo wale watakao kwenda, waangalie mwezi kabla ya kuangalia bei. Wachague siku za mwezi nusu kama wataka kuogelea asubuhi. Wakikosa nafasi ila wakati wa bamvua, wajue Nungwi na Kendwa, upande wa kaskazini, ambako maji hayaendi mbali hivyo, ingawa bei huko si ndogo. Na wafikapo, waulize watu wa kijiji saa ya maji kabla ya kufungua masanduku.

Kitu kimoja zaidi, kwa kicheko. Tulivuka nchi na bahari, na mtu wa kwanza aliyetusalimu ufuoni alikuwa kijana wa Kimasai mwenye kuuza shanga, kwao Simanjiro, ambaye alitamani kujua kama mvua imenyesha upande wetu. Tulizungumza habari za ng'ombe kwa nusu saa.

Mama alipata haja yake Jumapili ya Pasaka, jioni, maji yalipofika chini ya ngazi. Kijana mmoja wa jikoni alikuwa amemwambia tangu asubuhi, “Bibi, ngoja alasiri, itakuja yenyewe.” Vijana wawili wakachukua kiti cha miti, wakakiweka ndani ya maji, nao wakamshika mikono mpaka akaketi. Alitazama miguu yake muda mrefu. Kisha akauliza kama maji ya mfongo wetu hufika huku. Tulimwambia kwamba maji yashukayo Kilimanjaro huingia Mto Pangani, na Pangani humwaga baharini upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa hiki. Akachovya kidole, akaonja, akakunja uso. “Basi wameyaharibu njiani,” akasema.

Alijaza chupa. Ipo dirishani kwake Kidia, na watoto wa jirani huja kuonja, nao hutema.