Kusoma Herufi za Maradhi

Mwanafunzi wa elimu ya urithi huanza na herufi nne: A, C, G na T. Kirusi cha Ebola huandikwa kwa herufi zipatazo 19,000, nazo jicho haliwezi kuzilinganisha. Programu iitwayo BLAST, iliyotangazwa mwaka 1990, huzitafutia zinazofanana nazo upesi. Lakini watu hufanana bila ya kuwa ndugu. Hivyo mwanafunzi hana budi kuuliza ni herufi ngapi zimelingana, na kwa urefu gani. Septemba 2022, Ebola ilipozuka Mubende, Uganda, maabara ya Entebbe ilibainisha aina ya Sudan. Chanjo iliyokwisha kuidhinishwa ilikuwa ya aina ya Zaire. Kukosea jina hapo ni kumkabidhi mlinzi ngao isiyomkinga.