Si Kila Antibiotiki Inaua Tembe Zako

Kuna stori imezunguka kwa hosteli zetu mpaka ikawa kama sheria: ukishapewa antibiotiki, tembe zako za kupanga uzazi hazifanyi kazi tena. Kila mtu ameisikia kwa mtu, na manze, inaumiza wasichana pande zote mbili. Kuna mwenye anaacha antibiotiki katikati ya dozi ili "kuokoa" tembe, ugonjwa unarudi. Kuna mwenye anaacha tembe kabisa, akisema si zimeharibika tayari, halafu mwezi unaofuata anahesabu siku kwa kalenda.

Ukweli ni huu. Antibiotiki nyingi tunazonunua kwa kemisti hazina ugomvi na tembe. Amoksisilini ya koo, doksisaiklini ya chunusi, Flagyl ya tumbo, zote unaweza kumeza na bado uko salama. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema hivyo pia. Chunga tu tumbo. Ukitapika ndani ya saa 3 baada ya kumeza tembe, meza nyingine. Ukiharisha vibaya zaidi ya siku moja, endelea na tembe lakini tumia kondomu mpaka upone na umeze siku 7 mfululizo.

Yenye inavuruga tembe kweli inaitwa rifampisini. Ni dawa ya TB, na matibabu ya kawaida hapa Kenya ni miezi 6. Inalifanya ini lichape kazi kupita kiasi, homoni za tembe zinavunjwa haraka kabla hazijakusaidia. Kijiti cha mkononi kinaguswa pia, hata P2. Na ukimaliza dozi, ini huhitaji kama wiki 4 kurudi kawaida. Sindano ya miezi mitatu na koili haziguswi.

Rafiki yangu alianza dawa za TB mwaka jana. Kliniki walimweleza mkojo utageuka rangi ya machungwa, wakamwambia ale vizuri na asikose siku hata moja. Kuhusu kupanga uzazi, kimya. Naye hakusema kitu kwa sababu mamake alikuwa ameketi kando yake. Kila mtu alikuwa na heshima zake, na hiyo heshima ingempa mimba. Alikuja kujua wiki ya tatu, alipoenda kuchukua pakiti nyingine ya tembe na nesi akamuuliza, "Kuna dawa ingine unameza?" Swali moja tu. Akahamia sindano, akaendelea na dawa za TB mpaka akamaliza.

Kwa maoni yangu, hatari kubwa ni aibu. Tunaogopa amoksisilini ya bure, lakini kutaja tembe mbele ya mhudumu tunashindwa.

Kwa hivyo ukipewa dawa yoyote, sema hivi: "Natumia tembe za kupanga uzazi. Hii itaingiliana nazo?" Kama ni TB, usiache dawa, badilisha njia. Vijana wa kiume, kondomu si kazi ya msichana peke yake. Na kama mzazi ameingia na wewe, omba dakika mbili na nesi mkiwa wawili. Hizo dakika mbili si utovu wa adabu.