Sehemu ya Maoni

Baba alipopata kiharusi, kitu kimoja chake hakikuguswa: diski. Ilikuwa ndani ya soksi nyeusi kwenye kabati la sebuleni, nyumbani kwetu Morogoro, na ilikuwa na nyimbo 8,412. Kwa zaidi ya miaka ishirini baba alipiga muziki kwenye harusi, sendoff na kipaimara za watu. Alianza na kaseti, zikaja CD, akamalizia na laptopu. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza shahada ya uzamili ya ukutubi Dar es Salaam, ada nadaiwa, na kuchanganya muziki nilishajifunza zamani, nikiwa nimekaa nyuma ya spika zake tangu darasa la nne. Nikasema basi, mwisho wa wiki nitapiga mimi.

Nilipoichomeka ile diski nilicheka, kisha nikakasirika. Majina ya nyimbo yalikuwa yamekatika katikati. Mwaka haukuandikwa. Na karibu nusu ya nyimbo, kwenye aina ya muziki, zilisema Blues.

Hilo la Blues lina sababu yake. Faili la MP3 hubeba kipande kidogo cha maelezo. Mfumo wa kwanza wa maelezo hayo, ID3, ulibuniwa mwaka 1996 na ulikuwa na baiti 128 tu mwishoni mwa faili: herufi 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maoni, na namba moja ya aina ya muziki. Namba 0 ni Blues. Programu ikiacha sifuri kwa kukosa la kuandika, wimbo unakuwa Blues. Ndivyo Mbaraka Mwinshehe, Sikinde, Bi Kidude na kwaya za kanisani walivyojikuta chumba kimoja. Taarabu haikuwemo kwenye orodha ile. Dansi letu pia halikuwemo.

Kwenye sehemu ya maoni, baba alikuwa ameandika mambo ambayo niliyaona ni fujo. "Ndafu." "Anzia 4:10." "Wazee wamechoka." "Mama mkwe." "Sio Kihonda." Darasani tulikuwa tunafundishwa kwamba lebo nzuri ni ile ambayo mtu yeyote ataielewa bila kumuuliza aliyeiandika. Kwa kipimo hicho, baba alikuwa amefeli.

Nikasafisha. Siku nne mfululizo. Nilirekebisha majina, nikagawa aina: dansi, taarabu, bongo fleva, singeli, kwaya. Nikaweka programu ya kupima mapigo kwa dakika na ufunguo wa kila wimbo. Funguo ni 24, zimepangwa kama saa ya ukutani, kuanzia 1A hadi 12B. Wimbo wa 8A unaungana vizuri na wa 7A, wa 9A au wa 8B. Programu iliniuliza iandike matokeo wapi. Nikachagua sehemu ya maoni, nikabonyeza, nikaenda kulala. Asubuhi nyimbo zote 8,412 zilikuwa safi. Sikuwa nimetunza nakala.

Wiki tatu baadaye nilipiga harusi yangu ya kwanza, ukumbi mmoja wa Msamvu. Niliunganisha 9A na 8A, hakuna aliyesikia mshono. Hakuna aliyesimama pia. Dansi la zamani bendi zilirekodi pamoja studio, Radio Tanzania, bila mashine ya kushika mapigo. Wimbo unaanza polepole, mwimbaji anasimulia shida zake, halafu dakika za mwisho ndiyo linakuja chemko na magitaa yanakimbia. Programu yangu iliuona wimbo kama huo una mwendo mmoja. Mimi nikaupiga tangu mwanzo, watu wakaendelea kula.

Ukafika wakati wa kumtunza mama wa bwana harusi. Nikachagua wimbo mtamu, ufunguo umekaa. Bibi mmoja akaja hadi mezani kwangu, akaniinamia.

"Mwanangu, huyu anamlilia mkewe aliyekufa. Husikii maneno?"

Sikuwa nimeyasikia. Nilikuwa nimetazama 9A.

Fundi mitambo aliyekuwa akifanya kazi na baba alinipa flashi aliyonakiliwa nyimbo mwaka 2016. Zilikuwa 317, maoni yake yamo. Niliutafuta ule wimbo kwanza. Baba alikuwa ameandika: "tamu ila msiba, sio harusini." Nikahesabu. Herufi 28, pamoja na nafasi. Alikuwa amebakiza mbili.

Nilikaa na ile flashi usiku kucha. "Anzia 4:10" ndipo chemko linapoanza. "Wazee wamechoka" ni wimbo wa kuwarudisha vitini bila kuwafukuza. Kile nilichokiita fujo kilikuwa katalogi, ila haikuniorodheshea muziki. Iliniorodheshea watu wa Morogoro. Na nyingine zaidi ya elfu nane nilikuwa nimezifuta mimi, kwa kubonyeza mara moja.

Sasa kila Jumapili asubuhi napanda treni kwenda nyumbani. Baba haongei. Ana maneno mawili matatu, na mkono wa kushoto. Lakini nikisema "Shikamoo baba", anajibu "Marahaba" safi kabisa. Daktari alitueleza kwamba baada ya kiharusi salamu na nyimbo mara nyingi hubaki hata sentensi zikipotea. Na ni kweli. Wimbo ukianza, mtu ambaye hawezi kuomba maji anaimba ubeti mzima, maneno yote yamo.

Tunafanya thelathini kwa siku. Nauanzisha wimbo, yeye anasikiliza. Anapoinua kidole, naandika dakika. Akisema "hapana", nauliza: harusini? Msibani? Kabla ya chakula? Anatikisa kichwa mpaka nipatie. Ufunguo nimeuhamishia kwenye sehemu yake yenyewe. Sehemu ya maoni ni ya baba, na siku hizi natunza nakala tatu.

Tumefika nyimbo 940. Ukiongeza zile 317, zimebaki 7,155. Kwa mwendo huu ni zaidi ya miaka minne, na ada bado nalipa kwa nyimbo ambazo nusu yake sijui zilimaanisha nini kwake. Nimeshapiga hesabu hiyo mara nyingi. Mama amenikataza kuitaja mbele yake.

Jumapili iliyopita tulifika kwenye wimbo mmoja wa magitaa, wa polepole. Baba hakuinua kidole. Alifumba macho, akausikiliza mpaka mwisho, hakuimba.

"Baba, hii niandike nini?"

"Hapana."

"Usipigwe?"

Akatikisa kichwa.

"Nisiandike?"

Akafumbua macho, akanitazama. Nikaiacha wazi, nikabonyeza unaofuata.