Gitaa Lako na Ukuta wa Jirani

Neno la leo ni la wapiga gitaa. Kama wewe hupigi, lakini mnashiriki ukuta mmoja na anayepiga, soma halafu umtumie.

Kijana mmoja wa timu yetu ya sifa amepewa notisi na mwenye nyumba. Alibarikiwa na ampu ya valvu, zile zenye taa za kioo ndani, wati 100, naye anaishi ghorofa ya tatu. Mlango wa pili kuna mama anayefanya kazi usiku na kulala mchana. Mama huyo tumemwombea kwa muda mrefu aje kanisani. Sasa anatujua kwa jambo moja tu: kelele.

Kijana alinijibu kwa Zaburi 33:3. Sawa, lakini mstari huo huo umetaja ustadi pamoja na shangwe. Na Mithali 27:14 inamtaja mtu anayembariki rafiki yake kwa sauti kuu alfajiri, na baraka yake ikahesabiwa kuwa laana. Isome hiyo ukiwa na gitaa mkononi.

Simlaumu kwa kuipenda ampu yake. Ampu za ukubwa huo zilitengenezewa kumbi. Jim Marshall wa London alifikia wati 100 katikati ya miaka ya 1960 kwa sababu Pete Townshend wa kundi la The Who alitaka sauti zaidi jukwaani. Valvu zikisukumwa sana, sauti hunenepa, hukwaruza kwa utamu na kudumu. Ukiishusha, inakonda. Ndiyo maana vijana wetu wanapandisha.

Wengi hudhani dawa ni kuuza na kununua ya wati 50. Hesabu inakataa. Kutoka 100 hadi 50 unapunguza desibeli 3 tu. Ili sikio lione imekuwa nusu, unashuka mpaka kama wati 10. Hata ya wati 5 ikifunguliwa yote itamwamsha mtoto wa jirani. Kwa hiyo usiuze kitu bado.

Anza na ulicho nacho. Kama ampu ina geini na masta, pandisha geini, shusha masta. Valvu ndogo za mbele zitakwaruza. Zile kubwa za mwisho hazitaguswa, basi usitarajie utamu wote. Iinue kutoka sakafuni, uiweke juu ya kiti, spika ikutazame usoni. Bezi haitapita kwenye slabu kwa urahisi, na wewe utaisikia vizuri ikiwa chini.

Ukitaka valvu kubwa nazo zifanye kazi, kuna atenyueta. Hukaa kati ya ampu na spika, humeza nguvu na kuigeuza kuwa joto. Lazima iweze kubeba wati za ampu yako, na omu zilingane. Ukiibana kupita kiasi sauti inafifia, na valvu zinachakaa kama za mtu aliye jukwaani kila siku. Kuna pia vifaa vinavyochukua nafasi ya spika kabisa, ukasikiliza kwa hedifoni. Usiku, mimi naunga mkono hivyo tu.

Lakini usichomoe spika ili kuinyamazisha! Ampu ya valvu ikipigwa bila spika wala mzigo unaolingana nayo, transfoma yake ya kutolea sauti inaweza kuungua. Wala usiifungue kuchungulia. Ndani kuna volti mia kadhaa, na zinaweza kubaki humo hata baada ya kuitoa kwenye soketi.

Kuna sheria pia. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zile za NEMA, zinaweka desibeli 35 kwa makazi usiku, na usiku wao unaanza saa mbili. Hiyo ni kama mnong'ono. Nyumba za ibada nazo zimetajwa humo, tusijifanye hatujui.

Soma tena 1 Samweli 16. Kabla Daudi hajawa na umati wowote, alipiga kinubi mbele ya mtu mmoja anayeteseka, na Sauli akapata nafuu. Huyo mama wa mlango wa pili anatafuta usingizi wa saa sita tu.

Nimemwambia kijana abishe mlango wake kabla ya kugusa kitufe kingine, aombe radhi, na amwulize analala saa ngapi. Anaenda Jumamosi jioni, na mke wangu atamsindikiza. Tuwaombee.

Na wewe uliye na ampu ya aina hii na hujui omu zake, piga picha ya nyuma yake unitumie inboksi kabla hujaiwasha.