Distributa kwanza, moduli baadaye

Wanaoniletea Land Rover za zamani hapa gerejini kwangu Karatu huja na ombi moja kati ya mawili. Ama gari linamisi na wanataka niliwekee kontakti mpya, ama wamesikia habari za moto wa kielektroniki na wanataka niing'oe hiyo kontakti isionekane tena. Ombi la pili ndilo linaloongezeka siku hizi, nami nalipokea kwa moyo mmoja. Series III ambayo bado inabeba vitunguu kutoka Mang'ola inastahili mfumo huo. Ila nina sharti ambalo simpunguzii mteja yeyote: distributa itengenezwe kwanza, moduli ya kielektroniki ifuate.

Injini ya petroli ya Series III, ile ya lita 2.25, ina silinda nne na inachoma kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Distributa yake inazunguka nusu ya kasi ya krenki. Kwenye shafti yake kuna kemu yenye pembe nne, na kila pembe inapopita husukuma kisigino cha kontakti na kuifungua. Kontakti ikiwa imefunga, umeme wa betri hupita ndani ya koili na kujenga nguvu ya sumaku. Ikifunguka, umeme hukatika ghafla, nguvu ile ya sumaku huporomoka, na koili hutoa maelfu ya volti yanayoruka kama cheche kwenye ncha ya plagi. Kondensa iko pale ili umeme usirukie mdomo wa kontakti yenyewe. Mfumo huu unatokana na kazi ya Mmarekani Charles Kettering miaka ya 1910 inapoanza, na magari ya dunia nzima yaliutegemea kwa miongo mingi baada yake.

Sasa piga hesabu. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, distributa inazunguka mara 1,500 na kontakti inafunguka mara 6,000. Hiyo ni mara 100 kila sekunde. Kila mara kisigino kinasugua kemu, na kila mara kacheche kadogo kanapiga kwenye mdomo wa kontakti. Upande mmoja unaota kinundu, upande wa pili unachimbika. Kisigino kinalika, ule uwazi unaotakiwa kuwa milimita 0.35 hadi 0.40 unapungua, kontakti inachelewa kufunguka na moto unachelewa kufika kwenye plagi. Mwenye gari hajui ilianza lini. Anachojua ni kwamba kilima alichozoea kukipanda kwa gia ya tatu sasa kinadai gia ya pili, na mafuta yanakwisha kabla ya safari.

Huku kwetu vumbi nalo lina sehemu yake. Likiingia ndani ya distributa na kushikana na grisi ya kemu, linasaga kisigino haraka kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Ongeza na ubora wa spea za sasa. Kontakti nyingi zinazouzwa leo zina kisigino laini, kondensa nyingine hufa zikiwa bado mpya, na zipo rota zilizofungwa kwa ribiti ambazo umeme hupenya kwenye ile ribiti hadi kwenye shafti badala ya kwenda kwenye plagi. Mtu anabadilisha kontakti, gari linatulia, na baada ya muda mfupi anarudi na malalamiko yale yale. Simlaumu anaposema amechoka.

Mfumo wa kielektroniki unaondoa msuguano huo. Aina ninayoifunga mara nyingi ina pete ya sumaku inayovalishwa juu ya kemu, na pembeni yake moduli yenye sensa. Sumaku inapopita, sensa inaihisi na moduli inakata umeme wa koili, kazi ile ile iliyokuwa ikifanywa na kontakti. Sayansi yake si ngeni: Edwin Hall aligundua mwaka 1879 kwamba sumaku inaathiri mkondo wa umeme kwa namna inayoweza kupimwa. Zipo pia zinazotumia mwanga usioonekana kwa macho, unaokatwa na kisahani kinachozunguka. Kwa zote hizo, hakuna kinachogusana, kwa hiyo hakuna kinacholika. Viwanda vyenyewe viliuona ukweli huo mapema. Chrysler ya Marekani iliuweka kama mfumo wa kawaida katika magari yake ya mwaka 1973, wakati Series III ilikuwa bado inatoka kiwandani Solihull na kontakti zake.

Ikiwa faida ni kubwa hivyo, kwa nini ninang'ang'ania distributa? Nitaeleza kwa gari la mzee mmoja, mkulima wa vitunguu, aliyekuja na boksi dogo juu ya kiti cha abiria. Mwanawe aliyeko Uingereza alikuwa amemtumia moduli. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaingia moja kwa moja kwenye shida yake.

"Fundi, kijana wangu anasema hii inafungwa kwa nusu saa. Nifungie niwahi mzigo."

"Kweli mzee wangu, kufunga ni nusu saa. Lakini naomba niitazame distributa kwanza. Nikiikuta nzima, utaondoka sasa hivi."

Nilifungua kifuniko, nikatoa rota, nikaishika shafti kwa vidole viwili na kuisukuma kando. Shafti nzima haikubali kwenda kando. Unaweza kuizungusha kidogo tu, nayo inarudishwa na springi. Ya mzee ilikwenda kushoto na kulia, maana bushi ilikuwa imeliwa. Kwa distributa ya namna hiyo, kila pembe ya kemu inafungua kontakti kwa uwazi wake, na kila silinda inapata moto kwa saa yake. Moduli inapunguza madhara hayo, ila haiyamalizi, kwa sababu pete ya sumaku imekaa juu ya shafti ile ile inayoyumba.

Kisha nikauchomoa mpira mwembamba wa vakyumu upande wa kabureta, nikaufyonza kwa mdomo na kuuziba kwa ulimi. Kiwambo cha vakyumu kikiwa kizima, sahani ya kontakti inageuka na kubaki pale hadi ulegeze ulimi. Hii haikutikisika, na hewa ilikuja mdomoni bila kizuizi. Kiwambo kilikuwa kimepasuka, kwa hiyo gari lilikuwa likila mafuta ya ziada kila linapotembea kwa mwendo wa kawaida. Chini ya sahani, vizito viwili vinavyotanuka ili kuwahisha moto injini inapokwenda kasi vilikuwa vimegandishwa na kutu na grisi kavu. Na kale kawaya laini kanakounganisha sahani na bodi ya distributa, ndiko kanakopeleka ethi, kalikuwa kananing'inia kwa nyuzi chache. Kwa waya huo gari linaweza kuzima kwenye shimo na kuwaka lenyewe mita chache mbele, na fundi akabadilisha koili, plagi na kabureta bila kulijua kosa.

Nilimwita mzee, akainama, nikamwonyesha kimoja kimoja. Moduli inashika nafasi ya kontakti na kondensa peke yake. Haina la kufanya kuhusu bushi, kiwambo, vizito wala springi. Ningeifunga siku hiyo, angeondoka na injini inayomisi kama mwanzo, halafu mwanawe angeambiwa ametuma kitu kibovu. Mzee aliangalia, akanyamaza kidogo, akasema, "Basi tengeneza, fundi. Mzigo utachukuliwa na jirani."

Bushi mpya ikachongwa, kiwambo kikabadilishwa, vizito vikasafishwa na kutiwa oili nyepesi, kawaya ka ethi kakawekwa kapya. Hapo ndipo ile nusu saa ya kijana wake ilipotimia. Nilipaka krimu ya kupitisha joto chini ya moduli, nikaifunga palipokuwa na kontakti, nikaikandamiza pete ya sumaku hadi mwisho, nikaunga waya mmoja upande wa swichi wa koili na wa pili upande uliokuwa ukienda kwenye kontakti. Baada ya hapo taimingi lazima ipangwe upya, kwa sababu sensa haikati umeme mahali pale pale kontakti ilipokuwa ikifungulia. Nilipoimulika puli kwa taa ya taimingi, alama ambayo hapo mwanzo ilikuwa ikirukaruka ilisimama. Nilipoongeza mafuta, ilisogea taratibu bila kusita, na nilipopunguza ikarudi.

Tulishuka hadi Mto wa Mbu tukapandisha tena ukingo wa bonde, Ziwa Manyara likiwa chini yetu. Gari lilipanda bila kukohoa. Mzee aliniuliza kama hiyo moduli imeongeza nguvu za farasi. Nilimjibu ninavyowajibu wote: nguvu hiyo gari lilitoka nayo kiwandani, lilikuwa limeipoteza kidogo kidogo. Moduli itamsaidia isipotee tena haraka.

Kwa anayetaka kufanya kazi hii, au kumsimamia fundi anayeifanya, kuna mambo ambayo hayana msamaha. Angalia kwanza ni upande gani wa betri umeungwa kwenye bodi. Land Rover nyingi za zamani kuliko Series III zilitoka na chanya kwenye bodi, na moduli iliyotengenezwa kwa hasi itaungua mara ukiwasha swichi. Pima koili. Ya omu 3 kwenye volti 12 inapitisha ampia 4, lakini ya omu 1.5 isiyo na rezista yake inapitisha ampia 8, na moduli nyingi ndogo haziuwezi mzigo huo. Kama gari lina rezista, waya wa moduli upate volti 12 kamili kabla ya rezista. Waya za plagi ziwe zile zenye ukinzani ndani, kwani waya za shaba tupu zinatoa mawimbi yanayoivuruga sensa. Usiache swichi imewashwa huku injini imezima. Na gari likienda kuchomelewa bodi, ondoa nyaya za moduli na za betri kabla mchomeleaji hajashika mashine yake.

Wapo wapenzi wa magari haya wanaonishutumu kuwa naharibu uasili wake. Nawaheshimu, kwani bila wao Land Rover nyingi zingeshauzwa kama chuma chakavu. Gari la maonyesho libaki na kontakti zake. Lakini gari la mzee yule halikuundwa ili litazamwe, liliundwa lifanye kazi, na kulifanya liendelee na kazi hiyo ni namna yangu ya kuliheshimu. Tena sitoboi tundu wala sikati waya wa asili. Moduli inajificha chini ya kifuniko kile kile, na kontakti na kondensa navifunga kwenye mfuko na kumkabidhi mwenye gari.

Mfuko huo ukae garini. Kontakti ikichoka hukuonya kwa wiki kadhaa, gari likimisi na kuwaka kwa shida. Moduli haina onyo, ikifa gari linazima papo hapo. Vilevile moduli nyingi zinataka betri yenye nguvu ya kutosha ili zifanye kazi. Kontakti huweza kutoa moto hata kwenye betri dhaifu, mtu akazungusha injini kwa hendeli na gari likawaka. Aliyekwama njia ya Mang'ola akiwa na bisibisi, fila gechi na mfuko ule atafika nyumbani.

Kwa sababu hiyo vijana ninaowafundisha wanaanza na kontakti. Wanajifunza kupima uwazi, kusikiliza injini taimingi inapogeuzwa, na kuifungua distributa hadi kwenye vizito. Wakifika kwenye moduli tayari wanajua inachokifanya na isichoweza kukifanya. Mteja anayekubali mpangilio huo namfungia moduli nikiwa na uhakika wa kazi yangu. Anayetaka moduli juu ya shafti inayocheza namwambia ukweli: pesa hiyo akanunulie bushi kwanza.