NILIENDA DAR KUPUNGUZA MIKONO, NIKARUDI KUSONGA UGALI WA WATU 60

Leo sina umbea wa staa. Umbea wa leo ni wa kwangu mwenyewe. Watakaocheka wacheke, mimi nilishacheka na kulia kwa zamu.

Kwa wasiojua, nikishaweka simu chini mimi ni mama lishe. Nilimaliza form four Kahama, matokeo yakaja ya kawaida, nikahamia machimboni huku mkoa wa Geita. Nina banda la mabati karibu na maduara. Saa sita mchana vijana wanapanda juu, wamejaa vumbi mpaka kope, na hawataki stori, wanataka ugali. Siku duara likitema wanakula watu 60 na hela mkononi. Lisipotema wanakula hao hao 60, ila kwa daftari.

Sasa ugali wa watu 60 hausongwi na vidole. Ni sufuria kubwa, mguu umekanyaga kuizuia, mwiko mrefu kama mchi, unasukuma kwa bega na mkono mzima. Hapo ndipo shida yangu ilipoanzia.

Nilikuwa na kilo 104. Nikaacha soda, nikaacha chipsi za usiku, nikawa natembea kwenda sokoni, baada ya miaka miwili nikafika 71. Nilifurahi sana. Ila ngozi ya mikono haikupata taarifa kwamba mafuta yameondoka, ikabaki inaning'inia kutoka kwapani mpaka kwenye kiwiko. Nikisonga inapiga huku na huku. Kijana mmoja akaropoka, "Dada, bendera inapepea!" Banda zima likacheka, na mimi nikacheka. Usiku nikalia. Kuanzia siku hiyo nikawa nasonga na sweta, jua la Geita mnalijua nyie.

Mwaka 2023 ziliposambaa habari kwamba Mloganzila wameanza upasuaji wa urembo, nikaanza kuuliza kumbe hii kitu inawezekana hapa hapa nchini. Hospitali niliyofanyia mimi naiweka kapuni. Bima hailipii urembo, kwa hiyo nikavunja akiba yangu ya kikoba ya miaka miwili.

Sasa uongo. Mayu, yaani mama yangu, nilimwambia naenda Dar kutolewa uvimbe kwapani. Niliona aibu kumwambia mtu aliyelima pamba maisha yake yote kwamba nalipa mamilioni nikatwe ngozi. Mayu kusikia uvimbe akajua ni kansa. Hakuniambia. Aliuza mbuzi wawili, akanitumia hela kwenye simu. Nikaipokea, na nikaitumia kulipia chumba cha kulala baada ya upasuaji. Ndugu zangu, nimesema leo nasema yote.

Daktari alinieleza vizuri, simlaumu. Wanapasua kwa ndani ya mkono kutoka kwapani kuelekea kwenye kiwiko, wanatoa ngozi iliyozidi, wanashona. Unavaa mikono ya kubana ili uvimbe upungue. Kazi ya kukaa, wiki mbili hivi. Kazi ya nguvu, usiguse kabla ya wiki sita, na ukirudi uanze kidogo kidogo. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikajibu, "Biashara." Sikusema mwiko.

Wakati huo kuna dada mmoja maarufu mjini, jina silitaji, aliposti yuko gym wiki ya tatu baada ya kurekebisha mwili. Nikajisemea, kama yeye ananyanyua vyuma, mimi ugali utanishindaje? Sikujiuliza picha ilipigwa lini, wala kama vile vyuma alivinyanyua kweli.

Siku ya 21 nikawa bandani. Msichana niliyemwachia kazi alikuwa ameondoka, madeni yamejaa daftari, na duara moja limetema. Ukikosa siku kama hiyo wateja wanahamia banda la pili na hawarudi. Rafiki yangu ameajiriwa kwenye mgodi mkubwa. Yeye akiumwa, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa siku 126 ndani ya miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu. Mama lishe hana hata nusu siku.

Nikasonga sufuria ya kwanza. Ya pili nikahisi unyevu kwapani, nikajua jasho. Yule yule kijana wa bendera ndiye aliyesema, safari hii kwa sauti ya chini, "Dada, damu." Mshono umeachia, upana wa vidole viwili. Na karibu na kiwiko nimeungua kwenye mdomo wa sufuria bila kusikia chochote, maana sehemu ile ilikuwa na ganzi. Hiyo ganzi nilishaambiwa, nikasahau. Kijana akanipakia kwenye bodaboda mpaka zahanati, na hakutaka hela.

Nesi aliniambia jambo ambalo kila anayewaza upasuaji huu alijue. Kidonda kikifunga kwa juu hakijapona. Wiki ya tatu ngozi ile ina nguvu kama asilimia 30 tu ya ile ya zamani. Hata baada ya miezi mitatu inafika kama 80, na hairudi 100. Mimi niliipa kazi ya 100.

Mayu akaja kutoka Kahama. Alikuta nesi ananisafisha. Akaangalia mkono wa kushoto, akaangalia wa kulia, akauliza, "Uvimbe ulikuwa pande zote mbili, tena sawasawa?"

Nikamwambia ukweli. Hakunipigia kelele. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Mbuzi wa urembo ungeniomba, pengine ningekupa. Lakini wale niliwauza huku nakuwazia sanda." Akainuka, akajifunga kitenge, akaenda kuwasha moto.

Wiki saba Mayu alisonga ule ugali. Ana miaka 58. Mimi nilikaa kwenye benchi na daftari, napokea hela. Alikuwa amevaa blauzi isiyo na mikono, na ngozi ya mikono yake inapepea kuliko hata ilivyokuwa yangu. Hakuna kijana aliyetamka neno bendera. Wakija wanainama, "Mwangaluka, mayu," na anayemaliza kula anamchotea maji bila kuombwa.

Msinielewe vibaya, sisemi najuta. Mikono naipenda, sweta nilishaligawa. Kovu la kulia limenyooka, la kushoto pale lilipoachia limevimba na ni gumu, na sisi weusi makovu ya kuvimba yanatupenda. Ninachojuta ni kumficha daktari mwiko, na kumficha mayu ukweli.

Kazi nilirudi wiki ya kumi, safari hii kwa akili. Nilianza na uji, halafu sufuria ndogo za watu kumi kumi. Maji na magunia ya mkaa wananibebea vijana kwa sahani ya chakula. Sufuria kubwa nimeigusa mwezi wa nne, na mkono ukianza kuvuta naacha.

Mbuzi mmoja nimeshamrudishia mayu, jike, ana mimba. Nilipompigia kumuuliza kama wa pili nimletee jike au dume, akaniambia nilete dume, halafu akauliza, "Na kidonda kimefunga kweli, au unanidanganya tena?"

Nikampigia video akakiona.