Nusu Gunia la Sukari

Mwaka 1983 nilikuwa na miaka 26, nimepanga chumba kimoja Ngamiani, Tanga, mimi, mke wangu na mtoto wa miezi minne. Vita vya Kagera vilikwisha 1979, lakini dhiki yake tulikuwa nayo bado: unga wa mahindi ya njano tuliouita yanga, foleni ya sabuni, foleni ya sukari, jiwe lako likikushikia nafasi tangu alfajiri. Machi mwaka huo ukaanza msako wa wahujumu uchumi, Waziri Mkuu Edward Sokoine akiusimamia. Redio ikawa haina habari nyingine. Usiku watu walitupa vitenge na sabuni vichakani wasikutwe navyo.

Mpangaji mwenzetu alikuwa mama muuza vitumbua. Mimi nilimwita Mama tu, naye aliniita mwanangu. Jioni moja nilimwomba kilo ya sukari ya uji wa mtoto, akasema hana. Na gunia nilikuwa nimeliona kwa macho yangu, limefika nusu, nyuma ya pazia la chumba chake. Nikaondoka bila kuaga. Kesho yake nilimkuta mgambo mmoja kwenye kahawa. Hakuniuliza kitu. Nilisema mwenyewe, huku napuliza kikombe, kama mtu anayeongea habari za mvua.

Walikuja kabla hakujapambazuka sawasawa. Nilisimama mlangoni pangu nimempakata mtoto. Chuma cha vitumbua kilikuwa uani juu ya makaa, unga umeshamiminwa, na hakuna aliyekiepua. Vikaungua vyote saba, moshi ukajaa ua mzima, mwenyewe anapandishwa garini na sukari yake. Alirudi baada ya wiki tano. Vitumbua hakupika tena.

Nikahamia Dar es Salaam, na huko nikawa na jibu langu: zama zile zilikuwa mbaya, tulitishwa, redio ilituchochea. Yote kweli. Lakini redio haikulijua pazia lile. Ngamiani nzima ilisikiliza redio ileile, na aliyekwenda kusema habari za Mama ni mimi, kwa hasira ya kilo moja.

Mwaka 2006 nikarudi Tanga kumtafuta. Nilimkuta barazani anachagua mchele kwenye ungo.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Mama, wakati ule mambo yalikuwa magumu…”

“Najua. Nilikuwepo.”

Nikanyamaza. Kisha nikasema, “Aliyemwambia mgambo ni mimi.”

Vidole vikasimama juu ya mchele.

“Nilidhani shemeji yangu,” alisema baada ya muda mrefu. Mdogo wa marehemu mumewe ndiye aliyemletea gunia lile, na yeye hakukamatwa. “Nimemnunia miaka 18. Amekufa hatujasemezana. Hata mazikoni sikwenda.”

Nilitaka kusema kudra ya Mungu. Nikalimeza neno hilo. Nikasema, “Nisamehe, Mama.”

“Nimekusikia. Lakini wanawe wanajua baba yao ndiye aliyenichoma. Wako Pongwe. Usinitume mimi, kawaambie mwenyewe.”

Nilipanda daladala ya saa tisa alasiri. Njiani nilijaribu namna nyingi za kuanza, na kila iliyoanzia kwenye vita au msako niliiacha. Aliyefungua mlango alikuwa kijana wa umri niliokuwa nao mwaka ule.

“Karibu, mzee.”

Nikamtajia jina langu, kisha nikamwambia kwamba si baba yake aliyesema.